Mtoto kazaliwa na uvimbe makalioni, mume anataka tusubiri alizeti

Shikamoo Shangazi,

Naomba ushauri wako, maana hapa nilipo kila mtu ana neno lake na mimi kichwa kimejaa. Naishi kijijini wilayani Chamwino, upande wa Mvumi. Nina watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, ana miaka 5, mzima. Wa pili wa kike, ndiyo kwanza anaingia wiki ya 3.

Nilijifungulia kituo cha afya kwa njia ya kawaida. Kichwa kilitoka, mabega yakatoka, halafu mtoto akakwama kiunoni, nesi akahangaika naye mpaka akatoka. Alilia vizuri tu, lakini nesi alipomgeuza alinyamaza, akamwita mwenzake. Mwanangu ana uvimbe makalioni, pale chini kabisa uti wa mgongo unapoishia. Unajaza kiganja changu. Ngozi yake imevutika mpaka inang'aa, na mishipa ya damu inaonekana kwa ndani. Njia ya haja kubwa imesukumwa mbele. Nepi haifungi, namfunga kitenge. Nikimnyonyesha napitisha mkono chini ya mapaja ili uvimbe usibanwe. Lakini ananyonya, anakojoa, anapata choo, na miguu anairusha yote miwili.

Tuliandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mpaka leo karatasi iko kwenye begi. Baba yake ni mkulima, anasema mtoto bado laini, hawezi kuhimili kisu, tusubiri alizeti ikomae tuuze mwezi wa Juni, hela ipatikane na yeye awe amepata nguvu. Mama mkwe anasema jambo hili si la hospitali, kwao hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii, na kwamba kuna kitu nilikitazama au nilikivuka nikiwa na mimba. Anataka aje mtu aufunge kwa uzi mpaka ukauke, udondoke. Jirani naye ananiambia nisiwe na haraka, wa kwake alizaliwa na uvimbe mwekundu shavuni ukaisha wenyewe kabla hajaanza shule. Mwingine kanong'ona kwamba huo ni mgongo wazi, hatatembea.

Shangazi, hii ni kansa? Ni kosa langu? Akipasuliwa akiwa mdogo hivi si atakufa? Na akipona, ataweza kuja kuzaa kama wanawake wengine? Sitaki kumdharau mume wangu wala mama yake, ila usiku silali.

Mama wa wawili, Chamwino

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona mahali ulipoandika kwamba kuna mtu kakupa hongera, kwa hiyo acha nikupe mimi.

Mtoto asisubiri alizeti. Itoe ile karatasi kwenye begi, na wiki hii hii mfike Dodoma mjini. Sababu nitakueleza moja moja, maana najua utahitaji maneno ya kuwaambia wa nyumbani.

Mimi sijamwona mtoto, na kazi ya kutaja ugonjwa ni ya daktari atakayemshika. Lakini nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na ulivyoeleza, uvimbe ulio mwishoni kabisa mwa uti wa mgongo, njia ya haja kubwa iliyosukumwa mbele, mtoto kukwama kiunoni wakati wa kuzaliwa, vyote vinaelekea upande mmoja. Uvimbe wa namna hiyo madaktari wanauita teratoma ya kifandugu, kwa sababu huota kwenye kile kifupa cha mwisho cha mgongo. Si wa kawaida. Huonekana kwa mtoto 1 kati ya 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa hai. Hata hivyo, katika aina zote za vivimbe hivi ambavyo watoto huzaliwa navyo, huu ndio unaoongoza, na wasichana huupata mara 3 hadi 4 zaidi ya wavulana. Kwa hiyo hata kama ukoo mzima wa mume wako haujawahi kuuona, wapasuaji wa watoto wanaujua na wameshautoa kwa watoto wengine.

Kuhusu kosa lako: huna kosa. Mimba ikiwa na wiki chache tu, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kama wameshika ujauzito, mwili wa mtoto unakuwa na seli zenye uwezo wa kugeuka kiungo chochote, ngozi, mfupa, mafuta, nywele, neva. Zikimaliza kazi yake hutoweka. Kwa watoto wachache baadhi hubaki pale mwishoni mwa mgongo na kuendelea kukua bila mpangilio. Hakuna ulichokitazama, ulichokivuka wala ulichokila kilichosababisha hilo, na kwa kawaida si ugonjwa wa ukoo. Nakutahadharisha mapema kuhusu jambo moja: uvimbe ukifunguliwa huenda ukakutwa na nywele ndani yake, au gegedu, au hata kitu kama jino. Nimeona familia ikipagawa kwa habari hiyo, maneno ya uchawi yakaanza upya pale pale koridoni. Mwambie mama mkwe kabla, ili siku hiyo isiwe habari mpya.

Sasa swali lako la kansa, na hapa ndipo Juni inaponitia hofu. Mtoto akizaliwa na uvimbe huu, mara nyingi, kama 9 kati ya 10, si kansa. Ila una tabia ya kubadilika kadiri miezi inavyokwenda. Mwaka 1974 daktari wa Marekani aitwaye Altman na wenzake walichapisha taarifa za watoto karibu 400 waliokuwa na uvimbe huu. Waliogunduliwa kabla ya kufikisha miezi 2, aliyekutwa na kansa alikuwa kama 1 katika kila 10. Waliogunduliwa baada ya hapo, ilikuwa karibu nusu kwa wasichana, na theluthi mbili kwa wavulana. Nikuambie ukweli wote: sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba vile vilivyojificha ndani ya nyonga huchelewa kuonekana, na huko ndiko kansa hujificha pia. Lakini hakuna mpasuaji wa watoto atakayekushauri ukae na uvimbe wa namna hii miezi minne ukisubiri mavuno. Wao huutoa siku au wiki za mwanzo, mara mtoto anapokuwa tayari. Mume wako anahesabu kwamba kila mwezi unampa mtoto nguvu. Uvimbe nao unapewa mwezi ule ule. Unakua, ngozi inazidi kuvutika, inaweza kuchubuka ikavuja damu au ikaingia wadudu, na upasuaji unakuwa mgumu kuliko ungekuwa leo.

Jirani yako hasemi uongo. Ule wa mwanawe ulikuwa uvimbe wa mishipa midogo ya damu, wenye rangi nyekundu, ambao kweli hukua mwaka wa kwanza kisha hunywea wenyewe. Ndiyo maana hatuwezi kuchukua uvimbe wa shavuni tukauhukumia wa makalioni. Wako haunywei.

Na mgongo wazi? Huko uti wa mgongo wenyewe haukufunga, na mara nyingi kivimbe hukaa juu zaidi, katikati ya kiuno, watoto wengi wakiwa na udhaifu wa miguu. Wako anarusha yote miwili, anakojoa, uvimbe uko chini ya kifandugu. Dalili hizo zinanipa matumaini. Hata hivyo daktari lazima athibitishe kwa picha, kwa sababu kuna wakati viwili hivi hufanana kwa macho, na upasuaji wake si mmoja.

Habari ya uzi, mwanangu, nakuomba usikubali hata kwa heshima. Uvimbe huu si sunzua ya ngozi. Una mshipa wa damu unaotoka ndani, mbele ya mifupa ya nyonga, na mara nyingi una sehemu ambayo huioni kabisa. Ukiufunga, ngozi ya nje itaoza huku mzizi uko ndani. Kuutoboa, kuuchanja, kuukanda kwa maji ya moto, kuupaka majivu au dawa ya mitishamba, vyote ni kumwitia mtoto kuvuja damu na pepopunda ya vidonda. Uoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, ukaushe kwa kugusa tu bila kusugua, ufunike kwa kitambaa safi na laini, na uendelee kumshika hivyo hivyo unavyomshika unapomnyonyesha. Wala usimlalishe juu yake. Mlaze ubavu mkiwa macho, na namna ya kumlaza usiku waulize manesi pale pale kituoni.

Ukiona uvimbe unavuja damu, umechubuka au umebadilika rangi, mtoto amekataa ziwa, amepauka, amepata homa au mwili umekuwa baridi, hakojoi, tumbo limejaa, au mguu mmoja umelegea, hapo hakuna cha wiki hii. Ni saa hiyo hiyo. Piga 115, namba ya m-mama, ni bure, ipo kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mkifika hospitali watampima damu na kumpiga picha, kuanzia utrasaundi na pengine MRI au CT, ili wajue uvimbe umeingia ndani kiasi gani. Yule Altman aliugawa katika aina 4, kuanzia ulio karibu wote nje hadi uliofichika wote ndani ya nyonga, na mpaka leo wapasuaji wanatumia mgawanyo huo kupanga waingilie wapi. Uliza mapema kama daktari bingwa wa upasuaji wa watoto yupo na kama kuna mtaalamu wa usingizi aliyezoea vichanga. Wakiona kesi yenu inahitaji kusogezwa mbele, watawapa rufaa ya Muhimbili, na siku hizi kwa treni ya SGR, iliyoanza kutufikia Dodoma mwaka 2024, safari hiyo si ile ya kukesha na mtoto ndani ya basi.

Upasuaji wenyewe uko hivi. Mtoto analazwa kifudifudi baada ya kupewa dawa ya usingizi, kifua na nyonga vimewekewa mito midogo ili tumbo lipumue, chumba kimepashwa joto kwa sababu kichanga hupoa haraka. Anawekewa mpira wa mkojo. Daktari anakata kwa umbo la V iliyopinduliwa juu ya uvimbe, anautafuta ule mshipa mkubwa unaoulisha na kuufunga, anautenga na utumbo wa haja kubwa taratibu, anautoa mzima bila kuupasua, kisha anairudisha misuli ya njia ya haja kubwa mahali pake na kushona.

Damu ndiyo inayowaumiza vichwa kuliko kitu kingine. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 tu mwilini, yaani kikombe kimoja cha chai. Kiasi ambacho mtu mzima angekipoteza bila kujua, kwake ni robo ya uhai. Kwa hiyo baba, wajomba na vijana wa kijijini waende wakachangie damu kabla ya siku ya upasuaji. Mume wako akiuliza asaidie nini wakati hela hana, mwambie akatoe damu. Ni msaada mkubwa kuliko gunia la alizeti, na haungoji Juni.

Kuna jambo moja nataka ulikariri. Uvimbe lazima utoke pamoja na kifandugu. Tangu katikati ya karne iliyopita wapasuaji waligundua kwamba kifupa hicho kikiachwa, uvimbe hurudi kwa karibu mtoto 1 kati ya 3. Mtoto hatapungukiwa na kitu kwa kukikosa, atakaa na kutembea vizuri. Muulize daktari kwa adabu, kabla na baada, "Kifandugu kitatolewa? Kimetolewa?" Na hakikisha imeandikwa kwenye cheti cha kuruhusiwa.

Swali lako la kufa nimeliacha makusudi mpaka uelewe kinachofanyika. Ndiyo, upasuaji wa kichanga una hatari, na daktari atakayekuambia hauna hatari usimwamini. Hatari kubwa ni kuvuja damu, hasa uvimbe ukiwa mkubwa sana au mtoto akiwa njiti. Binti yako ametimia, ananyonya, uvimbe unajaza kiganja chako na haujamfunika. Watoto wa hali hiyo wengi sana hupona mahali penye damu, usingizi salama na mpasuaji mzoefu.

Baada ya upasuaji utakaa naye wodini, pengine wiki au zaidi. Kamua maziwa tangu siku ile atakapozuiwa kunyonya ili yasikauke. Kidonda kiko karibu na njia ya choo, kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kumbadilisha mara tu anapojisaidia, kufuta kwa kuelekea mbali na kidonda, na kunawa mikono kabla na baada. Nimewaona akina mama waliokiponya kidonda cha namna hiyo kwa bidii ya mikono yao tu.

Nyama iliyotolewa itapelekwa maabara. Msiondoke bila kujua majibu yatachukuliwa lini na nani. Ikikutwa na kansa, kuna dawa, na uvimbe wa aina hii huitikia vizuri dawa za kansa kuliko kansa nyingi za watu wazima. Isipokutwa, bado hamjamaliza. Mtoto atafuatiliwa kama kila miezi 3 kwa miaka 3 hivi, daktari akimpapasa kwa kidole njia ya haja kubwa na kupima damu kipimo kiitwacho AFP. Usishtuke AFP ya mwanzo ikiwa juu sana, kichanga yeyote huwa nayo juu, hushuka polepole mwaka wa kwanza. Kinachotafutwa ni kama inashuka au imegeuka kupanda. Hapa ndipo familia nyingi huteleza: mtoto amepona, anatambaa, nauli ni tabu, kliniki inaachwa. Uvimbe ukirudi, hurudi kimya kimya na kwa ndani. Mwangalieni pia choo kigumu cha kila mara, au mkojo unaotoka kidogo kidogo bila kukatika, mseme mapema.

Hela. Kwa sera ya nchi watoto wa chini ya miaka 5 wamo kwenye kundi la msamaha katika hospitali za serikali. Kwa vitendo mnaweza kukutana na kipimo au kifaa cha kulipia, na ndiyo maana siku ya kwanza tu ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Mwende na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, barua ya rufaa, kadi ya kliniki na tangazo la kizazi. Mueleze afisa hali yenu kabla bili haijakua, si siku ya kuruhusiwa. Kama mna bima ya afya, beba kadi.

Kwa mume wako, usimwambie Shangazi kasema. Mwambie, "Baba Fulani, twende wote tukamsikie daktari, ukimaliza kumsikia ndipo tuamue." Mwanaume anayeogopa kumpoteza mtoto kwenye kisu si mwanaume mbaya, anahitaji kumsikia mpasuaji kwa masikio yake mwenyewe. Mama mkwe naye mpe kazi: "Mama, nisindikize, sitaweza peke yangu wodini." Akiwa ndani ya safari ataacha kuipinga. Na ikitokea wote wawili wamekataa katakata, wewe ni mzazi, saini yako ni saini ya mzazi. Muone nesi wa kituo aliyekuandikia rufaa, naye atawaita wanafamilia mezani. Ameshawahi kuwaita wengine.

Umeuliza kama atakuja kuzaa. Uvimbe huu hautoki kwenye mfuko wa uzazi wala kwenye mayai, na wasichana wengi waliofanyiwa upasuaji huu wakiwa wachanga wamekua, wamesoma, wameolewa na wamezaa. Akifikia umri wa kubeba mimba, mkunga wake aambiwe tangu hudhurio la kwanza kwamba alipasuliwa nyonga utotoni, wapange namna ya kujifungua. Kwa hiyo cheti cha upasuaji kitie kwenye nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki, usikiache hospitali.